Kutoka Ukoka Hadi Mahindi Matamu: Yanayotokea Ndani ya Tuta Jipya

Mbele ya majengo ya shule nyingi za sekondari nchini Tanzania pana kiwanja cha ukoka ambacho kazi yake kubwa ni kufyekwa. Hufyekwa siku ya usafi, na hufyekwa tena katikati ya juma na wanafunzi waliochelewa mstarini. Tangu mwaka 1967, siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa, shule zimejifunza kuwa na mashamba ya aina moja au nyingine, lakini mara nyingi shamba huwa mbali, na kiwanja kilicho karibu na bomba la maji, mbele ya macho ya walimu, hubaki na nyasi zake. Sehemu ya kiwanja hicho inaweza kugeuzwa kuwa matuta ya mahindi matamu, yale yanayoliwa mabichi au kuchemshwa yangali na maziwa. Kazi yenyewe si ngumu. Hata hivyo, ikifanywa pasipo kuelewa yanayotokea ndani ya udongo, hushindwa kwa namna ileile kila mara: mihindi huota vizuri, hufika urefu wa goti, kisha majani ya chini hugeuka manjano kuanzia nchani, manjano hayo yakifuata uti wa jani kwa umbo la herufi V, na mmea hudumaa wakati uleule unapojiandaa kubeba.

Watazamaji husema udongo umechoka. Kauli hiyo ni ya ajabu kidogo, maana udongo uliokaa chini ya nyasi kwa miaka kumi au ishirini bila kulimwa ulikuwa umepumzika kuliko udongo wowote wa jirani. Kilichotokea ni kwamba mihindi imenyang'anywa chakula na walaji wasioonekana kwa macho, na kiasi kilichonyang'anywa kinaweza kupigiwa hesabu.

Ukoka na akiba yake

Kabla ya hesabu hiyo yafaa kumtambua adui anayeonekana. Ukoka huenea kwa njia mbili. Juu ya ardhi hutoa mashina yatambaayo, na chini ya ardhi hutoa mashina mengine meupe, magumu, yenye ncha kali, ambayo wengi huyadhani kuwa mizizi. Si mizizi, kwa sababu yana vifundo, na kila kifundo kina chipukizi lililolala. Jembe linapoyakata vipande ishirini, mkulima amepanda miche ishirini. Ndiyo maana ukoka uliolimwa mara moja na kuachwa hurudi ukiwa mnene zaidi ya ulivyokuwa.

Nguvu ya mashina hayo ni wanga uliohifadhiwa ndani yake. Kila chipukizi linalopanda kutafuta mwanga hulipiwa kutoka katika akiba hiyo, na akiba hairudishwi mpaka majani yapate jua. Ukoka haustahimili kivuli. Basi njia za kuuangamiza ni mbili, na zote ni za kuumaliza akiba yake au maji yake. Ya kwanza ni kuugeuza wakati wa kiangazi, kuyachambua mashina ya chini kwa mkono, na kuyaanika juani kwa majuma mawili mpaka yavunjike kama vijiti. Mengi yamo katika sentimeta 15 hadi 20 za juu, ingawa machache hushuka chini zaidi. Ya pili ni kuufunika usipate mwanga kwa miezi kadhaa, kwa maboksi yaliyokunjuliwa na kulowanishwa, juu yake udongo. Njia hii ya pili husifiwa sana na wakulima wa bustani katika nchi za baridi. Katika nchi ya mchwa, sifa hizo zapasa kupokelewa kwa tahadhari: boksi kavu ni karamu kwa mchwa, na kila tundu wanalolitoboa ni dirisha kwa chipukizi. Boksi likitumika, liwe na unyevu daima, na kingo zake zipandane angalau kwa upana wa kiganja, kwa sababu ukoka hutokea penye maungio.

Njia yoyote ikichaguliwa, mfereji mwembamba uchimbwe kuzunguka eneo zima, upana wa jembe, na usafishwe kila juma. Ukoka ulioachwa nje utarudi kupitia ubavuni, na wengi wamepoteza matuta yao kwa kusahau jambo hili dogo.

Hesabu ya naitrojeni

Nyasi zinapofukiwa, bakteria na kuvu wa udongo huanza kuzila. Ndani ya nyasi hupata kaboni, ambayo kwao ni nishati na vilevile ni malighafi ya kujenga miili yao. Sehemu kubwa ya kaboni hiyo huichoma na kuitoa kama hewa ya kaboni dioksidi. Theluthi moja hivi hubaki mwilini. Lakini mwili haujengwi kwa kaboni peke yake. Kwa kila gramu 10 za kaboni zinazokuwa mwili wa kiumbe hicho, huhitajika gramu 1 hivi ya naitrojeni ya kutengenezea protini.

Chukua tuta moja lenye upana wa meta 1.2 na urefu wa meta 6, na tuseme limefukiwa kilo 10 za nyasi, mashina na mizizi, uzito ukipimwa baada ya kukauka. Kaboni iliyomo ni kilo 4.5 hivi. Theluthi yake, yaani kilo 1.5, itakuwa miili ya vijidudu, na miili hiyo itadai gramu 150 za naitrojeni. Je, nyasi zenyewe zina kiasi gani? Katika nyasi zilizokomaa pamoja na mizizi yake, uwiano wa kaboni na naitrojeni huweza kufika 60 kwa 1. Kwa hiyo kilo 4.5 za kaboni huandamana na gramu 75 tu za naitrojeni. Zinapungua gramu 75. Vijidudu havingoji, huzichukua kutoka katika udongo unaowazunguka, tena huzichukua kwa kasi kuliko mizizi ya mihindi, kwa sababu vimo kila mahali na mizizi imo hapa na pale. Gramu 75 za naitrojeni ni sawa na gramu 163 hivi za mbolea ya yurea, ambayo ina naitrojeni asilimia 46.

Mwanafunzi anaweza kurudia hesabu hii kwa majani mabichi ya kunde au kwa samadi ya ng'ombe iliyooza, ambayo uwiano wake ni 20 kwa 1 au pungufu, naye ataona kwamba deni linageuka kuwa ziada. Mpaka uko karibu na 30 kwa 1. Chini ya hapo uozaji huongeza naitrojeni katika udongo. Juu ya hapo huikopa.

Neno kukopa limetumika kwa makusudi. Naitrojeni iliyochukuliwa haijapotea. Chakula kinapopungua, vijidudu hufa, miili yao huliwa na vijidudu vingine, na naitrojeni hutolewa kidogo kidogo pamoja na ile iliyokuwa imelala ndani ya mboji ya udongo wa nyasi kwa miaka yote hiyo. Baada ya miezi michache tuta lile lile lililowanyima mihindi chakula huwa tajiri. Shida ni ya wakati. Mihindi hudai naitrojeni kwa wingi kuanzia inapofika gotini hadi inapotoa mbelewele, na kama tarehe hiyo imeangukia katika kipindi cha deni, basi hakuna palizi wala umwagiliaji utakaoiokoa.

Waliolijua jambo hili zamani

Inafaa kusemwa wazi kwamba jawabu la tatizo hili halikungoja maabara. Katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, ambako miti ni michache na nyasi ni nyingi, wakulima kwa vizazi vingi wamekuwa wakikata mabonge ya udongo pamoja na nyasi zake mwishoni mwa mvua, udongo ungali laini, na kuyarundika kuwa vilima vidogo vya duara huku nyasi zikiwa ndani. Juu ya vilima hivyo hupanda maharage au mazao mengine madogo. Msimu unaofuata vilima huvunjwa, udongo uliooza husambazwa, ndipo ulezi au mahindi hupandwa.

Huko Mbinga, mkoani Ruvuma, Wamatengo hulima miteremko mikali kwa mashimo yaitwayo ngoro. Nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana na kufanya miraba ya meta moja na nusu hadi mbili. Udongo huchimbwa kutoka katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya nyasi. Hivyo kila shimo huzungukwa na tuta lenye nyasi tumboni mwake. Maji ya mvua hunaswa shimoni badala ya kuteremka na udongo. Na ni nini kinachopandwa kwanza juu ya matuta hayo mapya? Maharage, karibu na mwezi wa Machi. Mahindi huja baadaye, mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, nyasi zikiwa zimekwisha kuoza.

Utaratibu huo wa maharage kwanza na mahindi baadaye hauelezeki vizuri mpaka hesabu ya naitrojeni ifanywe. Maharage ni mmea wa jamii ya mikunde, na katika vinundu vya mizizi yake huishi bakteria wanaoweza kuinasa naitrojeni ya hewani. Mmea kama huo unaweza kukaa juu ya nyasi zinazooza bila kuteseka kama mihindi, kwa kuwa una mlango mwingine wa chakula. Wenyeji wa Ufipa na Umatengo hawakuijua bakteria kwa jina, lakini walijua kwa hakika ni zao lipi linalofaulu juu ya nyasi mbichi na lipi la kusubirishwa. Mwalimu wa biolojia atakayeyafundisha haya kama mila tu, na sayansi akaiacha katika kitabu cha kigeni, atakuwa amewanyima wanafunzi wake nusu ya somo.

Shuleni, basi, mpango hufuata mvua za mahali. Penye misimu miwili ya mvua, nyasi zigeuzwe Agosti au Septemba, maharage au kunde zipandwe wakati wa vuli, na mahindi matamu wakati wa masika. Penye msimu mmoja, nyasi zigeuzwe Februari au mwanzoni mwa Machi, maharage yatumie mvua za mwisho, na mahindi yangoje Novemba au Desemba. Joto likiwa kali, kunde ni bora kuliko maharage, kwa kuwa maharage ya kawaida ni mnasaji dhaifu wa naitrojeni miongoni mwa ndugu zake. Majuma mawili au matatu ya kwanza, kabla vinundu havijaanza kazi, hata mikunde huhitaji msaada wa samadi kidogo. Vinundu vinavyofanya kazi hujulikana kwa kuvipasua: ndani huwa na rangi ya waridi. Baada ya kuvuna, mashina yakatwe usawa wa ardhi na mizizi iachwe humo humo.

Kwa shule isiyoweza kungoja, ipo njia ya kulipa deni kwa fedha. Weka samadi iliyooza, madebe matatu au manne kwa tuta, kisha mbolea ya kukuzia mihindi ikiwa gotini. Kiwango cha kilo 60 za naitrojeni kwa hekta ni sawa na gramu 43 kwa tuta la meta mraba 7.2, yaani gramu 94 hivi za yurea. Yurea ifukiwe papo hapo. Ikiachwa juu ya udongo wenye joto, sehemu yake huruka hewani kama amonia.

Kuinua tuta, na kujua mahali pa kutoliinua

Mizizi hupumua. Oksijeni husafiri ndani ya hewa kwa wepesi unaozidi ule wa ndani ya maji kwa mara 10,000 hivi, kwa hiyo udongo ambao vitundu vyake vimejaa maji huikaba mizizi hata kama una mbolea tele. Zaidi ya hapo, bakteria wanaokosa hewa huvunja naitreti na kuirudisha naitrojeni angani, hasara juu ya hasara. Tuta huondoa maji ya ziada, na udongo wake hupata joto mapema. Mahindi matamu yanayahitaji haya kuliko mahindi ya kawaida, kwa sababu mbegu yake, iliyonyauka na kukunjamana, ina akiba ndogo ya wanga, na huoza upesi katika udongo baridi uliotota.

Udongo wa kuinulia si lazima usombwe kutoka mbali. Kati ya tuta na tuta acha njia ya sentimeta 60, ichimbe kina cha sentimeta 20, na udongo wake uutupe juu ya tuta. Njia yenye urefu wa meta 6 hutoa meta za ujazo 0.72, ambazo zikitandazwa juu ya meta mraba 7.2 huinua tuta kwa sentimeta 10. Njia imeshuka 20, tuta limepanda 10. Tofauti ni sentimeta 30, nayo yatosha. Udongo mzito wa mbuga usifanyiwe kazi ukiwa umelowa, la sivyo hukauka na kuwa matofali.

Lakini tuta si dawa ya kila mahali. Katika mchanga wa pwani, au katika nyanda kavu kama za Dodoma, tuta refu hukausha mizizi kabla ya mvua ya pili. Huko yafaa kulima sesa au kuliweka tuta chini kabisa na kulifunika kwa majani makavu. Na kwenye mteremko mkali ukoka usiguswe kabisa, isipokuwa kwa utaratibu unaofanana na ngoro, maana mizizi yake ndiyo inayoushika udongo wa shule nzima. Mvua moja ya masika inaweza kuchukua kilichojengwa kwa miaka mingi.

Jambo jingine la kuangalia ni wakazi wa nyasi. Mabuu ya mende wanaokula mizizi na viwavi wakatao miche, waitwao sota, huzaliana chini ya nyasi, na miche michanga ndiyo huwa chakula chao nyasi zikiondoka. Kuugeuza udongo mara mbili wakati wa kiangazi huwaanika kwa jua na kuku. Viwavijeshi vamizi, waliogunduliwa barani Afrika mwaka 2016, hawatoki katika nyasi zilizofukiwa. Nondo wao huruka kutoka mbali. Mihindi ikaguliwe kila siku mbili tangu inapoota, na mayai na viwavi vichanga vivunjwe kwa vidole.

Upepo, mbelewele na ndevu

Tuta moja lenye mstari mmoja wa mihindi, hata liwe na rutuba gani, litatoa magunzi yenye mapengo. Mbelewele zilizo kileleni hutoa chavua, mamilioni ya chembe kwa mmea mmoja, na upepo huzichukua. Kila unywele katika ndevu za hindi umeunganishwa na ovari moja, na kila punje ni unywele mmoja uliofikiwa na chavua. Unywele usiofikiwa huacha pengo. Chavua nyingi huanguka ndani ya meta chache, na katika joto kali huishi saa chache tu. Kwa hiyo panda kwa kundi. Katika tuta la meta 1.2 huingia mistari mitatu, sentimeta 40 kwa 40, yaani mihindi 45. Matuta mawili yakiwa sambamba hutoa mistari sita, na kila mmea hupata majirani wa kuuchavusha upepo uvumapo kutoka upande wowote.

Majirani wa kuogopwa ni mahindi ya kawaida ya shamba la kijiji. Utamu wa mahindi matamu ya asili hutokana na jeni moja dhaifu iliyo katika kromosomu ya 4, ambayo huzuia wanga kujengwa kikamilifu. Sukari na namna ya wanga laini unaoyeyuka hubaki ndani ya punje. Jeni ikiwa dhaifu, hujitokeza tu pale ambapo haikutani na ile yenye nguvu. Na katika mimea itoayo maua chavua hufanya kazi mara mbili, kama alivyoonyesha Nawaschin mwaka 1898: mbegu moja ya kiume huungana na yai, na ya pili hushiriki kuunda kiiniwanga, yaani ile sehemu ya punje inayoliwa. Hivyo chavua ya hindi la kawaida ikiangukia ndevu za hindi tamu, punje ile ile, mwaka ule ule, hugeuka kuwa ya wanga. Correns alilichunguza jambo hili katika mahindi mwaka 1899, mwaka mmoja kabla yeye na wenzake hawajaifufua kazi ya Mendel.

Kuyatenga kwa umbali ni vigumu shuleni. Kuyatenga kwa wakati ni rahisi zaidi: tarehe za kupanda zipangwe ili mbelewele za mahindi ya jirani na ndevu za mahindi matamu zipishane kwa majuma mawili au zaidi. Mwalimu anapaswa kumwuliza jirani alipanda lini na mbegu gani, mazungumzo ambayo mara nyingi huwa na faida kuliko kitabu.

Hindi tamu huvunwa siku 18 hadi 24 hivi baada ya ndevu kutokea, ndevu zikiwa zimekauka na punje ikitumbuliwa kwa ukucha ikitoa maziwa. Tangu linapokatwa, sukari huanza kupungua na wanga kuongezeka. Katika joto la nyuzi 30, takriban nusu ya sukari huweza kutoweka kwa siku moja. Karibu na nyuzi 0 hupungua chini ya sehemu moja ya kumi. Jikoni sufuria iwekwe motoni kwanza, ndipo mvunaji aende bustanini.

Magunzi machache yaachwe shambani yakauke, na hayo ndiyo darasa. Punje tamu zikikauka hukunjamana. Zilizochavushwa na mahindi ya kawaida hubaki laini na zimejaa. Kwa kuwa chavua yote ya hindi la kawaida hubeba jeni yenye nguvu, kila punje laini katika gunzi la mhindi tamu ni chembe moja ya chavua iliyosafiri kutoka shamba la jirani. Wanafunzi wakilipa kila gunzi namba ya mmea wake, wakahesabu punje laini na punje zote, na kuandika asilimia kwenye ramani ya matuta, wataona upande ambao wageni waliingilia na walivyopungua kutoka mstari wa kwanza hadi wa sita. Punje laini zikipandwa msimu ujao, na mihindi yake ikachavushwa yenyewe kwa yenyewe chini ya mifuko ya karatasi, magunzi yatakayopatikana yatakuwa na punje laini tatu kwa kila moja iliyokunjamana, ama karibu na hapo. Hesabu magunzi kumi, si moja.